Uchimbaji wa Mamothi Ulioshirikisha Wananchi Iowa na Maana Yake kwa Urithi wa Tanzania

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 2010 mwenye shamba mmoja karibu na mji wa Oskaloosa, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, akiwa na wanawe, aliona mfupa mkubwa katika kijito kinachopita kwenye ardhi yake. Mfupa huo, wenye urefu wa zaidi ya mita moja, ulikuwa wa paja la mamothi, mnyama wa jamii ya tembo aliyetoweka katika bara la Amerika Kaskazini zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Taarifa ilifika Chuo Kikuu cha Iowa, na mwaka 2012 Makumbusho ya Historia ya Asili ya chuo hicho yalianza uchimbaji. Makumbusho hayo yaliamua kuwafungulia wananchi mlango wa kushiriki. Watu wa kawaida waliojitolea walipiga magoti kwenye udongo pamoja na wanafunzi na watafiti, wakachimba kwa mikono na kuchekecha udongo. Kadiri kazi ilivyoendelea ilibainika kuwa mahali hapo palikuwa na mabaki ya mamothi zaidi ya mmoja.

Habari hii ya mbali inamhusu mwananchi wa Tanzania kuliko inavyoonekana. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye utajiri mkubwa wa visukuku duniani. Olduvai na Laetoli katika eneo la Ngorongoro, Tendaguru mkoani Lindi, na Bonde la Ufa la Rukwa hadi Songwe, ni maeneo ambayo mvua ya msimu mmoja inatosha kumomonyoa kingo za korongo na kuacha mfupa wa mamilioni ya miaka ukiwa wazi. Anayeuona kwanza mara nyingi ni mchungaji, mkulima, mchimba mchanga au mtoto anayetoka shuleni. Mtafiti hufika baadaye, iwapo ataitwa. Kwa hiyo usalama wa urithi huo unategemea sana kile anachokifanya mtu huyo wa kwanza katika saa chache baada ya kuuona, na kwa nini aone kuna haja ya kukifanya.

Ipo pia nasaba ya mnyama mwenyewe. Wengi humfahamu mamothi kama tembo mwenye manyoya marefu wa nchi za barafu, lakini asili ya jenasi yake ni Afrika. Mabaki ya kale zaidi ya mamothi, yenye umri unaokaribia miaka milioni 5, yamepatikana kusini na mashariki mwa bara letu. Kutoka huku walienea Ulaya na Asia, na kiasi cha miaka milioni 1.5 iliyopita wakaingia Amerika. Kundi dogo la mwisho liliishi katika Kisiwa cha Wrangel, kaskazini mwa Urusi, hadi takriban miaka 4,000 iliyopita, wakati mapiramidi ya Giza yalikuwa yamekwisha kusimama kwa karne kadhaa.

Ili kuelewa kwa nini chuo kikuu kinaweza kuwahitaji wananchi, ni vyema kueleza kazi yenyewe. Mifupa ya mamothi mara nyingi haijageuka kuwa jiwe. Ni mfupa halisi, uliolainishwa na maji ya ardhini kwa maelfu ya miaka, na ukianikwa juani ghafla hupasuka. Pembe ndizo dhaifu zaidi, kwani hukua kwa matabaka na zikikauka haraka hubanduka tabaka kwa tabaka. Mchimbaji huondoa udongo kidogo kidogo kwa mwiko wa mwashi, brashi na vijiti vya mwanzi, kwa kuwa chuma hukwaruza mfupa. Eneo lote hugawanywa kwa kamba katika miraba, na kila kinachopatikana huandikwa kimetoka mraba gani, kina gani, na kilikuwa kimeelekea wapi. Mfupa mkubwa hufunikwa kwa karatasi iliyoloweshwa, kisha huzungushiwa vitambaa vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, kama fundi wa hospitali anavyofunga mguu uliovunjika, ndipo unyanyuliwe.

Udongo uliotolewa nao hautupwi. Huoshwa na kuchekechwa, kwa sababu ndani yake mna meno ya panya, magamba ya konokono, mbegu na chavua. Vitu hivyo vidogo ndivyo vinavyoeleza hali ya hewa ilikuwaje, miti gani iliota, na kama mahali hapo palikuwa bwawa au ukingo wa mto. Kazi hii haihitaji shahada. Inahitaji macho, subira na mikono mingi, na hivyo ndivyo vitu ambavyo idara ya chuo kikuu, hata ya nchi tajiri, haina vya kutosha. Hapo ndipo mwananchi anapoingia kwa manufaa ya kweli, na siyo kama mgeni wa kupigwa picha.

Ushiriki una sura nyingi, na si zote zina mafanikio sawa. Mwishoni mwa Septemba 2015, karibu na mji wa Chelsea katika jimbo la Michigan, mkulima aliyekuwa akichimba mtaro kwenye shamba la soya alikutana na mifupa. Aliwasiliana na Chuo Kikuu cha Michigan, na mtaalamu wa viumbe wa kale Daniel Fisher akafika na timu yake. Mkulima alikuwa na kazi zake za msimu, akawapa siku moja. Kwa siku hiyo moja, wakisaidiwa na mkandarasi wa eneo hilo aliyejitolea kwa mashine yake, walitoa fuvu pamoja na pembe zake, pingili kadhaa za uti wa mgongo, mbavu na mifupa mingine. Mkulima aliikabidhi mifupa hiyo kwa chuo bila malipo.

Hata hivyo, haraka ilikuwa na gharama. Karibu na mifupa yalikutwa mawe makubwa ambayo, kwa maoni ya Fisher, huenda yalitumiwa na wawindaji wa kale kuzamisha nyama bwawani ili isiharibike. Dai la namna hiyo haliwezi kusimama kwa mifupa pekee. Linasimama kwa kujua jiwe lilikuwa upande gani wa mfupa, na mfupa gani ulilalia upi, mambo ambayo hayaandikwi kwa utulivu mashine inapounguruma na jua linazama. Mwaka 2017 watafiti walirejea kwenye shamba hilo, safari hii kwa mpango na nafasi zaidi, wakapata mifupa mingine na kuchukua sampuli walizozikosa mara ya kwanza.

Mfano wa Waco, katika jimbo la Texas, ni wa mwendo mwingine kabisa. Mwaka 1978 vijana wawili waliokuwa wakitafuta vichwa vya mishale ya kale karibu na Mto Bosque waliona mfupa, wakaupeleka kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Baylor. Hadi mwaka 1990 mabaki ya mamothi 16 yalikuwa yamepatikana, na mengine yakafuata katika miaka ya 1990. Mwenye ardhi aliitoa kwa jiji mwaka 1996. Eneo lilifunguliwa kwa umma mwaka 2009 likiwa na jengo lililosimamishwa juu ya mifupa yenyewe, ili mgeni aione pale ilipolala. Mwaka 2015 Rais Barack Obama alilitangaza kuwa mnara wa taifa. Kati ya vijana wale na tangazo la Rais ni miaka 37, na katika muda huo wote wakazi wa Waco waliendelea kujitolea, kuchanga na kulinda. Mwandishi wa makala haya anaona kuwa huo ndio ushiriki wenye thamani zaidi, ingawa hauna shamrashamra ya siku ya uchimbaji.

Mifano hii yote, hata hivyo, imejengwa juu ya sheria isiyofanana na yetu. Nchini Marekani, kisukuku kilichopo kwenye ardhi ya mtu binafsi ni mali ya mwenye ardhi. Anaweza kukitoa bure kama mkulima wa Michigan, na anaweza kukiuza. Mwaka 1997 mifupa ya dinosaria aliyepewa jina la Sue iliuzwa kwa mnada jijini New York kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 8, baada ya mgogoro mrefu mahakamani kuhusu nani mmiliki. Ukarimu wa mkulima wa Michigan una uzito wake hasa kwa sababu alikuwa na njia nyingine halali.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 imefuata mkondo mwingine. Mifupa ya kale inalindwa kama urithi wa umma. Hairuhusiwi kuchimba bila leseni wala kusafirisha nje ya nchi bila kibali, na anayegundua anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka. Msimamo huu ni sahihi na umelinda mengi ambayo vinginevyo yangekuwa yamepotelea sokoni. Lakini ni lazima tuseme wazi kile unachomaanisha kwa mwananchi. Sheria inampa wajibu, na haimpi kitu cha kuuza. Mtu aliyeokota mfupa shambani kwake anaweza kuwaza kuwa akitoa taarifa ataletewa uzio na maswali, na kwamba wageni watakuja na kuondoka na kile alichokionyesha. Akikaa kimya hakuna atakayejua. Pale ambapo bei haiwezi kuwa motisha, kilichobaki ni heshima na ushiriki: mwananchi ashirikishwe katika kazi, aelezwe kilichopatikana, jina la kijiji chake liandikwe, na kijiji kibaki na kitu. Kwa sababu hiyo ushirikishwaji ambao kwa chuo kikuu cha Iowa ni nyongeza nzuri, kwetu ni sehemu ya ulinzi wenyewe.

Historia inatupa sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani alikutana na mifupa mikubwa katika kilima cha Tendaguru, Lindi, baada ya kuelekezwa na wenyeji. Kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba hapo kwa kutumia mamia ya vibarua wa Kiafrika. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilibebwa kichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, kisha zikapakiwa melini. Watu hao walikuwa wametoka muda mfupi katika Vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Wengi wao walijifunza kazi hiyo ya kitaalamu hadi wakaimudu, na msimamizi wao mkuu, Boheti bin Amrani, alikuwa akiaminiwa kutafuta na kufunua mifupa. Dinosaria aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu na hutazamwa na watu kutoka kila pembe ya dunia.

Kwa kipimo cha idadi ya mikono, Tendaguru ulikuwa uchimbaji ulioshirikisha wananchi kuliko wowote uliotajwa hapo juu. Kilichokosekana ni kingine. Waliochimba hawakuulizwa, hawakufundishwa maana ya walichokitoa, na majina yao, isipokuwa machache, hayakuingia katika vitabu. Mjadala kuhusu mifupa hiyo na nchi yetu ingenufaika nayo vipi umeendelea kwa miaka mingi, na makala haya hayakusudii kuumaliza. Inatosha kuona kwamba neno “ushiriki” peke yake halina maana hadi pale inapoelezwa mshiriki anabaki na nini.

Laetoli inatupa picha yenye matumaini zaidi. Nyayo za viumbe waliotembea wima takriban miaka milioni 3.66 iliyopita zilifunuliwa na timu ya Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha zikafukiwa tena ili zihifadhiwe. Mchanga wa kufukia ulikuja na mbegu za migunga. Miti ikaota, na mizizi ikaanza kuelekea kwenye nyayo. Katika miaka ya 1990 Serikali, kwa kushirikiana na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani, ilifanya kazi ya kuiondoa miti hiyo na kuzifukia nyayo upya kwa utaratibu bora. Waliohusika walitambua kuwa hakuna mlinzi atakayezidi jamii ya Wamasai wanaochunga katika eneo hilo, hivyo wazee na kiongozi wao wa kimila walishirikishwa, na tambiko likafanyika kulibariki eneo. Baadaye, mwaka 2015, nyayo nyingine zilipatikana Laetoli wakati wa uchunguzi uliotangulia mpango wa kujenga makumbusho, na kazi hiyo iliongozwa na wataalamu wa Kitanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Fidelis Masao na Dkt. Elgidius Ichumbaki. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2016.

Hata majina ya kisayansi yameanza kuzungumza lugha yetu. Dinosaria aliyetangazwa mwaka 2019 kutokana na mifupa iliyopatikana kusini magharibi mwa Tanzania anaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, yaani mnyama wa Mto Mtuka, na mfupa wake wa mkia wenye umbo la moyo ndio uliompa jina la pili. Mtoto wa Songwe hahitaji mkalimani kulielewa jina hilo. Ni jambo dogo, lakini ni tofauti kubwa na jina la Brachiosaurus brancai, alilopewa mnyama wa Tendaguru kwa heshima ya mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin.

Je, vyuo vyetu vifungue uchimbaji kwa kila anayependa kuja, kama Iowa? Jibu la haraka la ndiyo lingekuwa la hatari. Mikono isiyofundishwa inaweza kuharibu kwa dakika moja kilichodumu miaka milioni moja, na eneo likishajulikana kwa wengi linahitaji ulinzi hata baada ya watafiti kuondoka. Uchimbaji wa Iowa uliwezekana kwa sababu kulikuwa na wasimamizi wa kutosha, kila mtu aliyejitolea alipewa maelekezo, na mifupa ilikuwa na makumbusho ya kwenda. Kisukuku kilichofukuliwa bila stoo yenye hewa nzuri na mtu wa kukitunza kilikuwa salama zaidi kikiwa ardhini.

Kinachoweza kuanza bila kusubiri ni hatua za chini ya hapo. Meza za kuchekechea udongo zinaweza kuwekwa mbali na mifupa yenyewe, ambapo wanafunzi wa sekondari za jirani watafanya kazi ya kweli bila kuhatarisha chochote. Watafiti wenye leseni wanaweza kufanya mkutano wa kijiji kabla ya kuanza na mwingine kabla ya kuondoka, wakiwa na mifupa mezani na maelezo ya Kiswahili. Nakala za plasta za mifupa muhimu zinaweza kubaki katika shule ya eneo husika. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 imekwisha kutamka kuwa jamii ishirikishwe katika uhifadhi, hivyo msingi wa kisera upo. Kazi iliyobaki ni ya kila kibali, kila kijiji na kila msimu wa utafiti.

Kwa mwananchi atakayekutana na mfupa, jino kubwa au umbo la nyayo katika jiwe, utaratibu ni huu. Asiuondoe, asiuoshe, wala asijaribu kuuchimba ili aone mwisho wake. Aweke alama ya mahali hapo, kwa mfano kwa kupanga mawe pembeni bila kugusa kilichopo, na kama ana simu apige picha akiweka kitu cha kulinganisha ukubwa kama vile kalamu au jembe. Ikiwa mvua inakaribia na mfupa uko wazi, aufunike kwa turubai au majani makavu, asiufukie kwa jembe. Kisha atoe taarifa katika ofisi ya Serikali ya Kijiji au Kata, ambayo itaifikisha kwa Ofisi ya Mkuu wa Wilaya na wataalamu wa mambo ya kale. Taarifa iandikwe, ikiwa na jina la aliyegundua na tarehe, na mtoa taarifa abaki na nakala yake.